Saa ya Kiinua Mgongo

Mwaka 2016 mzee mmoja wa Upanga, mstaafu wa bandarini, alipata kiinua mgongo chake akaniita nimkagulie saa mbili kabla hajatoa hela. Muuzaji alituwekea mezani Rolex Submariner 14060M, ikiwa na boksi na karatasi zake, na Omega Speedmaster 3570.50, saa ya kutia ufunguo kwa mkono yenye vitufe vya kuhesabu muda, isiyo na kitu zaidi ya mkanda.

“Mwanangu, ipi itanirudishia hela yangu?”

Kwa swali hilo, jibu ni Rolex. Nilitoa mkanda nikasoma namba zilizochongwa kati ya masikio, zile ncha zinazoshika mkanda, zikalingana na karatasi. Kingo za masikio zilikuwa bado kali, maana yake haijawahi kusuguliwa kwa mashine. Fundi akiisugua ili ing'ae, chuma kinaondoka, kingo zinalegea na kuwa za mviringo, na mnunuzi anayejua saa anapunguza bei hapo hapo.

Ila kuilinda hali hiyo ni kuifungia kabatini. Mzee alikuwa mtu wa kuvuka na pantoni kwenda Kigamboni kila siku, na mkono unaoning'inia kwenye mabomba ya pantoni hauachi saa bila mkwaruzo. Tena Dar mnunuzi wa kulipa bei kamili hapatikani kwa siku moja. Ukiwa na shida ya haraka, dalali ndiye anayepanga bei. Nilimwambia, “Mzee, kama unanunua ya kuuza, usiivae. Kama unataka kuvaa, sahau bei ya kuuzia.”

Akaishika Omega, akaitia ufunguo taratibu, akasikiliza. Uso wake ulibadilika, nami nikaikagua hiyo kwa bidii zaidi.

Niliibonyeza ianze kuhesabu, nikaisimamisha, nikairudisha: akrabu zote za kuhesabia zilitua kwenye sifuri, bila hata moja kukaa pembeni. Nikaiweka kwenye mashine ya kupimia mwendo. Hapa wengi hukosea: mashine huja imepangwa pembe ya digrii 52 ya kukokotolea, wakati Omega hiyo inataka 50, na usipobadilisha unasoma bembea, yaani mzunguko wa gurudumu la ndani linalokwenda na kurudi, kubwa kuliko ilivyo. Ikiwa imejazwa ufunguo ilisoma digrii 280 na kitu. Ingekuwa chini ya 220 ningesema mafuta yamekauka, mzee adai apunguziwe gharama ya kuifungua yote na kuisafisha. Kioo chake ni cha plastiki na kilikuwa na michubuko, jambo dogo: dawa ya meno nyeupe na kitambaa laini, unasugua kwa mzunguko hadi kinang'aa.

Alilipia Omega. Karakana nilifungua mgongo nikabadilisha mipira yote ya kuzuia maji, kwa sababu joto la pwani huikausha hata saa ikiwa imelala tu. Nikamwelekeza aitie ufunguo kila asubuhi baada ya alfajiri, aache pale inapogoma, asilazimishe. Kuogelea nayo ufukweni Coco nilimkatalia kabisa: mgongoni haina ahadi ya kupiga mbizi, na vile vitufe viwili vya pembeni vikibonyezwa ndani ya maji hupitisha chumvi hadi kwenye springi. Akienda kuogelea, amwachie mkewe mkoba na saa ndani yake.