Kwa M1, kutoka Pantelimon hadi Izvor

Nilishuka kituo cha Iancului, kwenye njia ya M1 ya treni za chini ya ardhi za Bucharest, mji mkuu wa Romania, nikadandia tramu ya kwenda mashariki. Barabara ya Iancului ikishabadili jina na kuitwa Pantelimon, umefika mtaa uliozaa B.U.G. Mafia mwaka 1993, kundi la rap la Tataee, Uzzi na Caddy.

Usiishie barabarani, zunguka nyuma ya maghorofa. Wengi huja wakitafuta ile rangi ya kijivu ya video za zamani za rap wasiione, kwa sababu kuta nyingi zimevishwa mabamba ya polistireni na kupakwa rangi. Tafuta jengo lisiloguswa: utaona mistari inakopakana paneli moja ya zege na nyingine, na balkoni ambazo kila mwenyewe kaziba kwa vioo vyake. Kisha tazama mlango wa ngazi, wenyewe huuita "scara". Hapo ndipo baraza ya vijana. Rapa akisimama mbele yake kwenye video, anataja kwanza anakotoka, kisha ndipo anawageukia polisi, wanasiasa na ukosefu wa kazi. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Madirisha yote yanakutazama.

Kwenda kituo cha Izvor, njia fupi kutoka Iancului ni kupanda treni hadi Dristor 2, kutembea hadi Dristor 1 na kubadili treni. Mimi nilizunguka upande wa pili, bila kubadili, ili nipite Piața Victoriei, penye ofisi ya serikali. Klabu ya muziki ya Colectiv, hapa mjini, iliungua tarehe 30 Oktoba 2015, wakafa watu 64. Siku chache baadaye umati ulioilaumu rushwa kwa vifo hivyo ulijaa hapa na mabango ya "Corupția ucide", yaani rushwa inaua, na tarehe 4 Novemba waziri mkuu akajiuzulu. Hasira hiyo marapa walikuwa nayo tangu miaka ya 1990, na inauma kwamba ilisubiri misiba ndipo isikilizwe.

Kutoka Izvor, zunguka Jumba la Bunge kwa miguu hadi Bulevardul Libertății. Namba 14 ni CNA, baraza linalosimamia redio na televisheni. Likiisogeza video ya muziki hadi usiku, halijaifuta, ila mwanafunzi aliyetoka shule mchana haioni tena. Paraziții, kundi jingine la rap, waliwajibu mwaka 2004 kwa wimbo "Jos cenzura". Kwa lugha ya mikutano yetu: udhibiti, zii!