Pantoni ilikuwa wapi?

Jana jioni nilivuka kwenda Kigamboni na kamera yangu, nikashuka kando kidogo ya kivuko, mahali unapoiona Posta yote, katikati ya jiji la Dar es Salaam, mbele yako. Nilitaka taa za mjini juu ya maji.

Kosa la kwanza: nilisimamisha stendi kwenye mchanga mbichi. ISO 100 (kamera isiwe nyepesi sana kunasa mwanga), f/11 (tundu la lenzi dogo), sekunde 30, yaani kamera inakaa jicho wazi nusu dakika nzima ikikusanya mwanga. Maji yanajaa, mguu mmoja unazama taratibu, mimi niko bize nahesabu! Picha nne za kwanza, kila taa ya ghorofa imekuwa na mkia kama komba. Nikahamia kwenye jiwe, nikaning'iniza begi chini ya stendi liwe uzito, nikaweka saa ya sekunde 2, yaani kamera isubiri kidogo baada ya kubonyeza, ili kidole changu kisitikise kitu.

Hapo mambo yakakaa sawa. Maji yamelainika kama kioo chenye mvuke. Boti zilizotia nanga ndizo hazikubali, kila wimbi linazitikisa, zinatoka ukungu mtupu. Kwa maoni yangu ukungu ule ndio uzuri wenyewe, ila najua wapo watakaobisha.

Na msisubiri giza totoro, jamani. Ikifika saa 2 usiku mbingu ni nyeusi tii. Picha niliyoipenda ni ya saa 1 kasoro, bado kuna bluu.

Dogo mmoja muuza karanga akachungulia kioo cha kamera.

"Anko, pantoni si imepita sasa hivi? Mbona haipo?"

Nikamwonyesha kwenye picha mstari wa njano juu ya maji: taa za pantoni ikipita, yenyewe imefutika. Akacheka, akaniuzia karanga.