Kidonda changu cha kisukari: nilivyopaka kila kitu, kumbe tatizo lilikuwa cherehani

Mimi ni fundi nguo, kisukari ninacho mwaka wa tisa sasa. Kidonda chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia nilikilea miezi saba kama kitinda mimba. Sikusikia kilivyoanza. Mke wangu ndiye aliyeona damu kwenye soksi, akauliza, "Baba, umekanyaga nini?" Sijakanyaga kitu, nikamjibu. Ganzi ilishakaa unyayo mzima.

Ushauri ulifika kabla ya bandeji. Jirani alileta haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kuoshea vidonda inayotoa povu. Nililipenda lile povu, nikidhani ni uchafu unatoka. Nesi alikuja kunieleza kwamba linaunguza hata nyama mpya, yaani wiki tatu nilikuwa napanda asubuhi nang'oa jioni. Shemeji akaja na jivi, ile dawa ya maji ya rangi ya zambarau. Mguu zambarau, shuka zambarau, na kanzu ya mteja zambarau, hiyo niliilipa. Mwingine akasema fungua kapsuli ya antibayotiki unyunyizie unga wake kwenye kidonda. Huyo sitamsahau: juu kilifanya gamba zuri, chini usaha ukajaa, nikapata homa, nikalazwa siku nne.

Niliporudi nikahamia asali ya nyuki wadogo, na hiyo siisemi vibaya: harufu iliisha, kidonda kikawa chekundu safi. Ila usiku mmoja niliamka kwenda msalani, nikawasha taa, nikakuta sisimizi wamepanga foleni kutoka dirishani, ukutani, kitandani, hadi ndani ya bandeji. Wanaingia na kutoka kama wana mkataba. Sikusikia hata mmoja, na hicho ndicho kilichonitoa jasho.

Kesho yake nikaenda kliniki ya kisukari. Daktari alinifumbisha macho, akanigusa unyayo sehemu kumi kwa kiuzi cha plastiki. Nikasikia tatu. Kisha akachonga sugu iliyozunguka kidonda. Kikaonekana kikubwa mara mbili, nikakasirika kimoyomoyo. Ndipo akauliza, "Mzee, unafanya kazi gani?" Fundi cherehani. "Ya umeme au ya kukanyaga?" Ya kukanyaga. Akaweka kalamu chini, akanitazama tu.

Miezi yote ile, kila upindo wa suruali nilikuwa naukanyagia kidonda! Uweke asali, uweke dawa ya bei mbaya, chini ya kanyagio vyote ni kazi bure.

Nikaazima cherehani ya mkono ya mama mkwe. Nikakata duara la sponji lenye tundu, nikalibandika kwenye kandambili, najiona daktari. Siku tano baadaye ukingo wa tundu umenichora alama nyekundu kuzunguka kidonda. Nesi alinisema mbele za watu. Akanitengenezea yeye, pedi nene ya unyayo mzima, nafasi imeachwa pana, halafu kiatu kipana juu yake. Msalani kwa mkongojo, sokoni marufuku. Kidonda kilioshwa kwa maji ya chumvi tu, gozi safi, basi. Gozi na nauli vilinila kama elfu sitini hivi. Jivi na wenzake vilikula zaidi, ukijumlisha kanzu. Sukari nayo ilikuwa inacheza kwenye 17. Nilipoanza sindano za insulini ikashuka hadi 8, 9.

Wiki ya kumi na moja kikafunga. Mke wangu bado anamulika nyayo kwa tochi kila usiku, na mama mkwe ameanza kudai cherehani yake.