Daftari la Majina Kumi na Saba

Usiku wa Jumamosi tarehe 10 Julai 2021, soko kuu la Kariakoo lilipoungua, nilikuwa nyumbani Tabata, na habari nilipewa kwa simu na jirani yangu wa kizimba, ambaye alisema neno moja tu, "Linaungua," kisha akanyamaza huku nikisikia kelele za watu nyuma yake. Nilipofika mjini sikuruhusiwa kusogea. Nilisimama mbali pamoja na wenzangu tukilitazama jengo lile lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lenye paa la zege lililotanda mfano wa miavuli, ambalo kwetu sisi wafanyabiashara lilikuwa limesimama tangu zamani kiasi kwamba hakuna aliyewahi kuwaza kwamba lingeweza kuungua.

Nilikuwa nikiuza pembejeo: mbegu za mboga, viuatilifu na pampu za kupulizia. Majuma matatu kabla ya moto nilikuwa nimeingiza mzigo wa kipupwe kwa mkopo wa shilingi 6,000,000, na bima sikuwa nayo. Kwa kusema kweli, bima yangu ilikuwa watu. Nilikuwa na daftari la jalada gumu ambamo kwa miaka mingi niliandika kila mchango niliotoa, uwe wa harusi, wa msiba, wa ada au wa matibabu, na usiku ule ule nilipotoka mjini nililifungua nikachagua majina kumi na saba ya watu ambao niliamini hawangeniacha.

Niliwapigia wote katika siku nne. Wengine hawakupokea simu, wengine waliniambia "pole sana" kwa sauti ya mtu anayetafuta namna ya kukata, na kaka yangu mkubwa, ambaye jina lake lilikuwa la kwanza katika orodha, aliniambia, "Mdogo wangu, hata huku hali ni ngumu, wewe vumilia tu." Watatu walinitumia kiasi kidogo, na ninaona aibu kukiri kwamba nao niliwakasirikia, kwa sababu nilikuwa tayari nimekwisha kukadiria kila mmoja angetoa shilingi ngapi. Hasira ile ilinimaliza kuliko moto. Nilikuwa nikiamka usiku wa manane kugombana kichwani na watu ambao wenyewe walikuwa wamelala.

Mke wangu alinivumilia kwa takriban mwezi mmoja, kisha jioni moja, huku nikisoma majina yale kwa sauti, akaniuliza kwa upole, "Baba watoto, hivi ulipokuwa ukiwachangia, ulikuwa unatoa au ulikuwa unaweka akiba?"

Sikumjibu. Lakini kesho yake saa kumi na moja alfajiri nilifungua Zaburi ya 118, mahali paliposema ni heri kumkimbilia Bwana kuliko kuwatumainia wanadamu, aya ambayo nilikuwa nimeisikia ikisomwa tangu utoto wangu na ambayo sikuwahi kudhani inanihusu, kwa kuwa nilijihesabu miongoni mwa wanaomtumaini Mungu. Ukweli ni kwamba Mungu nilikuwa nikimwabudu, ila tumaini lenyewe lilikuwa ndani ya daftari.

Asubuhi zile za mwanzo sikuweza kuomba vizuri, nililalamika tu. Baadaye nilianza kulipitia daftari mbele za Mungu, jina moja kila alfajiri, nikisema wazi kwamba mtu huyu hanidai wala simdai, kisha nikilikata kwa kalamu nyekundu. Jina la kaka lilinichukua siku tisa. Nilijiwekea pia sharti la kutomsimulia mtu yeyote nani alininyima, na sharti hilo lilikuwa gumu kuliko kuamka, kwani katika shida kusengenya hugeuka kuwa chakula.

Wapo walionishauri vingine. Mhubiri mmoja wa mtaani alinihimiza nipande mbegu, yaani nitoe sadaka, ya shilingi 200,000 ili milango ifunguke. Nilimjibu kwamba mbegu ndiyo kazi yangu, na ninajua kuwa asiyenazo hapandi.

Nafsi ilipotulia, ndipo nilipoweza kufanya yale ambayo hasira ilinizuia. Nilikwenda kwa walionikopesha, nikawaeleza hali bila kupamba, wakanikatalia, nikarudi tena na karatasi za mauzo ya nyuma, na mara ya tatu wakakubali kupunguza marejesho ya kila mwezi. Niliuza pikipiki. Mtoto wetu wa pili tulimhamishia shule ya serikali. Kisha nikaanza kufungasha mbegu za mchicha na chainizi katika vipakiti vidogo na kuwapelekea kwa baiskeli wakulima wa bustani za bonde la Msimbazi, na mmoja wao, mzee ambaye nilimfahamu kwa sura tu, alinilipa mapema mbegu za msimu mzima. Jina lake halikuwa katika daftari. Wala sikuwa nimewahi kumchangia chochote.

Sitaki msomaji adhani mambo yalirudi kama zamani. Mkopo niliumaliza mwaka 2023, na hadi leo duka langu ni nusu ya lile la Kariakoo. Yako pia maombi niliyoomba kwa machozi ambayo sikujibiwa nilivyotaka, na sijajifunza kuyapenda. Ila sikulala tena na majina ya watu kifuani, na hata nilipohitaji msaada niliweza kumwomba mtu, akikataa nikamuaga kwa heri na kumaanisha.

Baadaye kaka alinipigia. Binti yake alikuwa akiolewa, na alizunguka sana kabla ya kufikia habari ya mchango, pengine akingoja nimkumbushe. Nilimwambia, "Hongera, kaka, tumshukuru Mungu," nikamtumia shilingi 30,000 nilizokuwa nazo siku hiyo, na sikuziandika popote.