Jinsi kikohozi kilichosababishwa na dawa ya presha kilivyokwisha

Nilipoanza kutumia enalapril kwa ajili ya shinikizo la damu, presha ilishuka vizuri, lakini baada ya muda kilinianza kikohozi kikavu chenye kuwasha koo, ambacho kilizidi usiku nikishalala. Dawa za kikohozi hazikusaidia, na picha ya kifua haikuonyesha tatizo lolote. Sikuacha vidonge, kwa kuwa presha ingepanda upya, na naomba sana mwenye dalili kama hizi naye asiviache kabla ya kumwona daktari. Nilikwenda navyo kliniki vikiwa kwenye paketi yake.

Daktari alinieleza kwamba dawa za kundi hilo, zikiwemo captopril na lisinopril, huzuia kimeng'enya (protini inayoendesha mabadiliko ya kikemikali mwilini) ambacho pia huvunja bradikinini, kemikali ya mwili ambayo ikirundikana huweza kuchokoza njia ya hewa. Akanibadilishia losartan, ambayo hushusha presha bila kukigusa kimeng'enya hicho, ingawa vipimo vya figo na potasiamu bado vinahitajika. Kikohozi hakikukatika mara moja. Kilipungua taratibu katika wiki zilizofuata hadi kikaisha, na presha imebaki chini ya 140/90.