Ng'ombe wa Ibadakuli

"Mama, ng'ombe wakivuka inakuwaje?"

Kitindamimba wangu aliuliza macho yakiwa kwenye televisheni. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 27 Septemba 2025, wanawake wanakimbia Kigali. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalikuwa hayajawahi kufanyika Afrika hata mara moja, na niliapa sitakosa hata kona. Kilomita 164 kuuzunguka mji wa vilima, na kila wakiupanda ule mlima wa mawe wa Kimihurura kuna waliobaki chini. Barabara imezibwa kwa vyuma pande zote mbili. Pikipiki mbele, magari nyuma yamebeba baiskeli na magurudumu ya akiba. Mtoto likizo zake zote huwa kwa bibi yake Shinyanga, kwa hiyo barabara ndefu isiyokatwa na mfugo hata mmoja ilimtia wasiwasi.

Nikamwambia Kigali hawavuki. Baadaye Magdeleine Vallieres wa Kanada akashinda, nikapiga makofi, lakini kilomita nyingi za katikati zilinipita. Kwa mawazo nilikuwa nimesharudi Ibadakuli, karibu na Shinyanga mjini, kwenye mashindano yangu mwenyewe ya zamani.

Nilikuwa naendesha baiskeli ya baba, Phoenix. Na jiko la mama lilikuwa hivi: nyasi zimeoza upande mmoja, mvua ikianza anahamisha mafiga na sufuria ikiwa bado inachemka. Mwaka ule kamati ya Saba Saba ilitangaza zawadi za mbio za baiskeli za wanawake: wa kwanza bando la mabati, wa pili plau, wa tatu doti ya kitenge. Niliposikia mabati sikusikia tena kilichofuata.

Njia ilikuwa kutoka Shinyanga mjini hadi Maganzo, kwenye njia panda ya kwenda Mwadui, tugeuke turudi. Zaidi ya kilomita hamsini, juu ya baiskeli yenye gia moja.

Kwa ambaye hajawahi kushindana na baiskeli za namna hii, maandalizi ni kuvua. Unavua madigadi, unavua keria, stendi, boksi la cheni, kengele. Ikiwa kamili baiskeli hii ina kilo ishirini hivi, na kila chuma unachokiacha dukani kwa fundi ni chuma ambacho hutakibeba. Usukani unageuzwa uangalie chini ili mgongo uiname. Gololi zinaoshwa kwa mafuta ya taa na kupakwa grisi mpya. Kotapini, zile pini zinazokaza mikono ya pedali, zinagongwa upya, maana kotapini ikilegea kila ukikanyaga mguu unadondokea hewani kidogo, na ukirudia hivyo mara elfu goti linakuuma hadi usiku. Tairi linajazwa upepo mpaka ukilibonyeza kwa kidole gumba halibonyei. Fundi wetu wote alikuwa mmoja, na mkewe naye alikuwa anashindana. Hakuna aliyelalamika. Alitutengenezea sote kwa mkono ule ule.

Tulianza kwa ubishi. Binti mmoja alikuja na baiskeli ya gia, tairi nyembamba, ameazimwa na mjomba wake. Sisi wengine wote tulikuwa na Phoenix, Avon na Hero. Je, ni haki? Waandaaji walikwenda pembeni, wakarudi, wakaenda tena. Jua linapanda, sisi tumesimama mguu mmoja chini. Mwishowe wakasema tangazo halikutaja gia, basi aruhusiwe. Tulinung'unika mpaka njiani, ambako cheni yake ilichomoka akaachwa amechuchumaa, mikono imejaa grisi. Tulimpita bila kusema neno, lakini nilifurahi, na nadhani wenzangu walifurahi pia.

Julai kwetu upepo hauna huruma. Pamba imeshavunwa, mtama umeshakatwa, mashamba yako wazi hadi macho yanapokomea. Kwenda Maganzo tulikwenda kundi zima, kila mtu anamchungulia mwenzake. Kugeuka ndipo kundi lilipokatika. Upepo ulikuwa unatupiga ubavu wa kushoto, na upepo wa ubavuni hauukimbii kwa kufuatana mkia kwa mkia. Mnajipanga mshazari: wa mbele kushoto kabisa, anayemfuata kidogo kulia kwake, anayefuata kulia zaidi, kila mmoja kajificha ubavuni mwa mwenzake. Wa mbele akichoka anarudi nyuma, mwingine anashika. Tabu ni kwamba wa mwisho anajikuta katikati ya barabara, na ule ni msimu wa malori ya pamba. Likija lori mnarudi mstari mmoja upesi, kila mtu anaupokea upepo wake mwenyewe, na asiye na nguvu ndipo anapoachwa.

Hivyo ndivyo tulivyobaki watatu. Dada wa Kishapu, mke wa fundi, na mimi. Hatukupanga. Tulishikana zamu bila maneno, kiwiko kikicheza mtu anajua apishe. Sijawahi kuendesha vizuri namna ile, kabla wala baada. Barabara ile imenyooka, ukigeuka unaona mbali, na nilipogeuka waliotufuata walikuwa alama za rangi tu zinazotetemeka kwenye joto la lami. Nikaanza kuyahesabu mabati kichwani. Nikaanza na kufikiria misumari.

Njiani tulimpita mzee mmoja aliyebeba mkaa, gunia tatu, moja limesimama na mawili yamelala, anakwenda mjini kuuza. Alisogea pembeni kwa adabu ili tupite.

Tulikuwa hatuko mbali na Ibadakuli nilipoona vumbi upande wa kushoto. Ng'ombe. Nilidhani ni wachache. Wa kwanza, dume lenye nundu kubwa na kengele shingoni, likapanda lami, likasimama katikati, likatutazama. Nyuma yake wakaendelea kumiminika kutoka kichakani, wakubwa kwa wadogo, ndama wakikimbia kando ya mama zao, na wote walipofika kwenye lami hawakuwa na haraka yoyote. Walikuwa wanakwenda lamboni kunywa maji. Tulifunga breki zile za vyuma zikalia. Tukasimama.

Mchungaji alikuwa kijana wa miaka kumi na mbili hivi, fimbo imelala mabegani, mikono yote miwili imening'inia juu yake.

"Mdogo wangu, tupishe! Tuko kwenye mashindano!" dada wa Kishapu akapaza sauti.

"Mwadila, mayo," kijana akatusalimu kwanza.

Salamu haiachwi hewani. Tukaitikia wote watatu, tunahema, jasho linatiririka machoni. Kisha akasema, polepole kabisa, kwamba ng'ombe wakikatwa katikati nusu watarudi walikotoka, na walikotoka kuna bustani ya mtu. "Nisubirini wamalizike. Akipotea mmoja, nitaulizwa mimi."

Mke wa fundi akapeleka kidole gumba kwenye kengele apige. Kidole kikagusa hewa. Kengele ilikuwa ndani ya kopo, dukani kwa mumewe. Dada wa Kishapu akajaribu kupita ukingoni, jike moja lenye ndama likainamisha pembe, akarudi kinyumenyume. Mimi nilikuwa nimesimama na mguu mmoja kwenye pedali, nauhisi ubaridi ukiingia kwenye mapaja. Mwili uliokuwa unakwenda kama mashine ukisimamishwa ghafla unaanza kukudai kila ulichoukopa. Vumbi lilinuka mavi mabichi na majani makavu. Nikageuka nyuma. Zile alama za rangi zilikuwa zimeshapata mikono na miguu.

Akafika mzee wa mkaa. Alishuka, akashika usukani kwa mkono mmoja na gunia la juu kwa mkono mwingine, akamwita kijana kwa Kisukuma, wakacheka jambo lao. Akapiga mluzi wa chini chini, na ng'ombe wakamfungulia njia, mmoja kulia, mmoja kushoto, akapita katikati yao akisukuma kana kwamba yuko kwenye uchochoro wa nyumbani kwake. Nilijitupa nyuma yake upesi. Njia ilijifunga kabla gurudumu langu la mbele halijaingia. Nikabaki nautazama mgongo wake na zile gunia vikielea juu ya migongo ya ng'ombe, vikihamia upande wa pili, na mzee akapanda, akaenda zake.

Basi wakaanza kufika wa nyuma yetu. Mmoja, mwingine, kisha kikundi. Walikuwa wamekwisha kukata tamaa, nilisikia mmoja akimshukuru Mungu kwa sauti. Wakajipangusa jasho, wakanyoosha migongo, wakanywa maji kwenye chupa zao. Wa mwisho mwisho akaja binti wa gia, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, cheni imerudi mahali pake. Tulikuwa sote sawa sasa, tumepanga mstari mmoja mbele ya ng'ombe kama vile ndiyo kwanza mashindano yanaanza.

Msimamizi wa pikipiki naye akawasili. Dada wa Kishapu alimrukia kwa hoja. Sisi watatu tulikuwa mbele, akasema, kila mtu hapa ameona; tutangulizwe, wengine wazuiwe kwa muda ule ule tuliowaacha, halafu ndipo waachiwe. Nikamuunga mkono. Mke wa fundi akaunga mkono. Wengine wakapinga kwa nguvu, mmoja akasema hata yeye angekuwa mbele kama si lori la pamba. Msimamizi alitazama saa yake, akatazama ng'ombe, akatutazama.

"Dada zangu," akasema, "mimi nimetumwa kuangalia mtu asishikilie lori. Habari ya ng'ombe sikupewa."

Ndama wa mwisho akavuka. Kijana akainua mkono kutuaga. Tukaondoka wote kwa pamoja.

Yaliyobaki ni mafupi. Baiskeli ya gia moja kuitoa pale iliposimama ni kazi ya kukanyaga kwa uzito wote, na mapaja yetu watatu yalikuwa yamekauka. Binti wa gia akaweka gia nyepesi, akatuacha pale pale. Ibadakuli watoto walikuwa wamejipanga barabarani wakishangilia, "Wa kwanza! Wa kwanza!" Waliyemshangilia alikuwa mzee wa mkaa. Kuna mama alimmwagia maji ya kichwa kumpoza. Tulipomfikia alikuwa anawaambia, maji yakimchuruzika kidevuni, kwamba wanaoshindana ni wale wanakuja nyuma, washangilieni wale.

Binti wa gia alichukua mabati. Dada wa Kishapu alijiburuza hadi wa pili, akapata plau. Kitenge kilikwenda kwa msichana ambaye tangu Maganzo sikuwa nimemwona. Mimi nilikuwa wa nne, nikapewa soda na makofi. Mke wa fundi alifika baada yangu akiwa analia kwa hasira, na mumewe alimpokea baiskeli bila kumuuliza kitu.

Jioni nilimsimulia mama yote: upepo, zamu zetu, tulivyowaacha, ng'ombe. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua mchicha. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Walikuwa ng'ombe wa nani?" La pili, kama wamenenepa. Kisha akasema yule kijana amelelewa. Ng'ombe mmoja akipotea, akauliza, ni bando ngapi za mabati? Sikuwa na jibu, na hata leo nikipiga hesabu hiyo upande wa kijana unazidi. Lakini mimi sikuwa nabishana na kijana.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba jambo lile wenzetu waliliwekea sheria. Kanuni za UCI, shirikisho la dunia la baiskeli, zinazungumzia vizuizi vya reli. Waliotangulia kwa zaidi ya sekunde 30 wakikuta kizuizi kimefungwa, na wa nyuma wakawafikia kikiwa bado kimefungwa, mbio zinasimamishwa, kisha wanaachiwa kwa mapengo yale yale waliyokuwa nayo. Kama ni chini ya sekunde hizo, hilo ni tukio la kawaida la mbio, hakuna cha kurudishiwa. Na kizuizi kikishafungwa hakuna kupenya: katika Paris–Roubaix ya mwaka 2006, Leif Hoste, Peter Van Petegem na Vladimir Gusev walipita kwenye kizuizi kilichofungwa. Walikuwa wamemaliza wa pili, wa tatu na wa nne, wakafutwa wote watatu. Niliposoma hayo nilisimama, nikazunguka chumba. Alichokuwa anakisema dada wa Kishapu pale barabarani, bila kusoma kitabu chochote, ndicho kilichoandikwa.

Nilimpigia simu siku hiyo hiyo kumwambia. Alifurahi, akaita watu wa nyumbani kwake wasikie. Akasema tulikuwa tumewaacha kwa dakika moja nzima. Nikamwambia ni mbili, ukihesabu muda tuliosimama kabla hawajafika. Tukakubaliana tumuulize mke wa fundi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akigeuka nyuma mara kwa mara kuliko sisi.

Mke wa fundi alifikiri kwanza. Akasema kwa anavyokumbuka yeye, hatukuwa tumefikisha hata hizo thelathini.