Kubadili sauti ya banjo kwa ngozi, daraja na mshipi wa kuvulia

Mpiga gitaa akipata banjo, kitu cha kwanza anachokimbilia kubadilisha ni nyuzi. Hapo ameanzia mwisho. Gitaa mwili wake ni mbao, na sauti yake iliamuliwa siku lilipotengenezwa. Kwenye banjo nyuzi husukuma daraja, yaani kile kipande cha mbao kinachozibeba, daraja husukuma ngozi, na ngozi hiyo unaikaza au kuilegeza mwenyewe kwa spana ndogo. Maelezo haya ni ya banjo ya nyuzi tano yenye ngozi ya plastiki ya inchi 11, iliyotuniwa G D G B D pamoja na ule uzi mfupi, yaani uzi wa tano ukiwa G ya juu na wa kwanza D.

Anza na ngozi. Ziba nyuzi kwa kiganja, halafu gonga kwa kidole karibu na ukingo, mbele ya kila nati inayokaza ngozi. Utasikia noti, nayo unaweza kuipima kwa programu ya kutunia iliyo kwenye simu. Wapigaji wengi wa bluegrass, muziki wa nyuzi wa kasi wa Marekani, hukaza hadi G# au A: sauti hutoka ghafla, kali, na kukatika upesi. Ukishuka hadi F# au F, besi inafunguka na ule ukali unapungua. Huko ndiko ningemwelekeza anayepiga kwa dole gumba na kidole cha shahada, kwa mtindo wa omutibo, upigaji gitaa wa magharibi mwa Kenya wa kina George Mukabi, kwa sababu dole gumba linahitaji besi inayosikika. Ukizidi kulegeza, ngozi inabonyea chini ya daraja, nyuzi zinashuka na kuanza kugonga freti, vile vipande vya chuma vya shingoni.

Kabla ya kukaza, legeza nyuzi kidogo. Zungusha nati moja kwa sehemu ya nane ya mzunguko, uende kwa inayoikabili upande wa pili, na kadhalika mpaka umalize zote, kisha gonga tena. Usikaze upande mmoja ukaumaliza. Pete ya chuma inayoibana ngozi itainama, kila sehemu ya ngozi itoe noti yake, na plastiki ichanike ukingoni. Nati ikikataa, iache, maana hooki zinazovuta pete kwenye banjo rahisi hukunjuka. Plastiki mpya hulegea ikishakazwa, kwa hiyo pima tena kesho yake.

Ngozi ya mbuzi inawezekana, na fundi wa nyatiti, kinubi cha Waluo, ataiwamba vizuri ikiwa imeloweshwa. Sauti yake ni nzuri kweli, nene na isiyo na kelele za chuma. Lakini pembeni mwa Ziwa Victoria, mvua za Machi hadi Mei zitakutesa: hewa yenye unyevu huilegeza, jua la mchana huikaza, na urefu wa nyuzi juu ya freti hubadilika navyo. Anayetaka kutuni mara moja akapige jioni nzima abaki na plastiki.

Daraja ndilo la bei ndogo kuliko yote, na ndilo ningelichezea zaidi. Kwa kawaida ni mbao ya mepo yenye kibanzi cha mti mgumu mweusi juu, kimo cha milimita 16 hivi, uzito kati ya gramu 2 na 2.4. Daraja jepesi hutoa sauti kubwa na kali. Zito huituliza na kuirefusha. Usidanganyike ukachonga daraja zima kwa mpingo kwa kuwa ni mti wa filimbi na zumari. Mpingo ni mzito karibu mara mbili ya mepo, na daraja la gramu 4 huziba sauti. Uutumie kwenye kile kibanzi cha juu tu. Kupunguza uzito, sugua kwa msasa namba 220 upande mmoja, kidogo kidogo, ukipima kwa mizani ya sonara. Ile ya jikoni haioni sehemu ya gramu.

Daraja halikugundishwa, kwa hiyo kila ukilitoa lirudishe mahali pake. Piga hamoniki juu ya freti ya 12, yaani gusa uzi tu bila kuubonyeza, kisha bonyeza freti hiyohiyo. Noti ya kubonyeza ikiwa juu kuliko hamoniki, sogeza daraja kuelekea mkiani. Ikiwa chini, lilete upande wa shingo. Upande wa uzi wa nne mara nyingi hutaka kurudi nyuma kidogo zaidi.

Kile kishikio cha nyuzi mkiani, ukikishusha, nyuzi hulikandamiza daraja na sauti inakuwa kali na safi. Ukikipandisha, inapumua. Kisiguse ngozi tu, la sivyo kitalia kama nzi. Kifuniko cha nyuma ukikitoa, nguvu ya sauti inapungua na ukali nao. Kipande cha sponji ya godoro ukikisukumiza kati ya ngozi na fimbo ya ndani, ile milio inayobaki ikizunguka inakufa. Kidogo kinatosha.

Baada ya hayo yote ndipo nyuzi. Kuacha chuma ukaweka nailoni kunaisogeza banjo karibu kabisa na nyatiti, na nailoni hiyo ni mshipi uleule wa kuvulia samaki unaouzwa mjini. Kwa urefu wa milimita 667 hivi kutoka mwanzo wa shingo hadi darajani, mshipi wa milimita 0.55 unafaa uzi wa kwanza na wa tano, 0.65 wa pili, na 0.80 wa tatu. Uzi wa nne, nunua D ya gitaa la nailoni, ile iliyosokotwa. Ni noti ileile. Funga kitanzi mkiani na uongeze fundo, maana nailoni huteleza, na utegemee kutuni tena na tena siku za mwanzo.

Mshipi ni mnene kuliko waya, hivyo hautaingia kwenye mikato ya kile kipande cha mwanzo wa shingo. Usiipanue. Siku ukirudisha waya, utazama humo na kulia kwenye freti ya kwanza. Chonga kipande cha pili cha mfupa wa ng'ombe, uchemshe kwanza mafuta yatoke, na kile cha asili ukihifadhi ndani ya mfuko wa banjo.